Goti la Kulia na Goti la Kushoto: Tofauti za Mifupa na Hatari ya Kukatika Kano Miongoni mwa Wachezaji wa Majengo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa vidole vya mkono havilingani. Usemi huu aghalabu hutumiwa kueleza tofauti za hali na tabia za watu, lakini pia unaweza kuchukuliwa jinsi ulivyo, kama kauli kuhusu mwili wenyewe. Vidole havilingani, mikono haina nguvu sawa, na hata magoti mawili ya mtu mmoja, ambayo kwa macho huonekana pacha, hutofautiana kwa kiasi fulani. Makala haya yanazifafanua tofauti hizo na uhusiano wake na jeraha linalowatisha mno wachezaji wa kandanda, yaani kukatika kwa kano ya msalaba ya mbele. Swali la msingi ni hili: mchezaji anapoumia goti moja na jingine likabaki zima, je, chanzo kimo katika mifupa aliyozaliwa nayo, au katika kazi ambayo kila mguu umezoea kuifanya? Makala yanashikilia kuwa mifupa huweka kiwango cha hatari kwa magoti yote mawili, ilhali kazi ya miguu ndiyo mara nyingi huamua ni goti lipi litakaloumia. Kwa kijana wa Majengo, mfupa ni vigumu kuubadilisha, lakini kazi ya mguu inaweza kufunzwa upya.

Majengo na Mchezo wa Kandanda

Majengo, katika eneo la Pumwani, ni miongoni mwa mitaa mikongwe zaidi ya Waafrika jijini Nairobi. Serikali ya kikoloni iliuanzisha mapema katika miaka ya 1920, na wakazi wakapewa viwanja wajijengee nyumba wenyewe. Mtaa huu umepakana na soko la Gikomba na mtaa wa Shauri Moyo, na uwanja wa Kamukunji hauko mbali. Uwanja huo unajulikana zaidi katika historia ya siasa, hususan kwa mkutano wa Saba Saba wa mwaka 1990, ingawa kwa vijana wa mitaa ya karibu viwanja vya namna hiyo ni mahali pa kusakata kabumbu.

Eneo zima la Eastlands limelea wanasoka waliovuka mipaka ya nchi. Victor Wanyama, aliyesoma katika Shule ya Upili ya Kamukunji, alifika hadi klabu ya Tottenham Hotspur nchini Uingereza. Akiwa huko alikaa nje ya uwanja kuanzia Agosti 2017 hadi Januari 2018 kwa sababu ya jeraha la goti. Nyuma yake walikuwapo madaktari wa klabu, mashine za picha na mshahara usiokatizwa. Kijana wa Majengo apatapo jeraha la goti hana tegemeo la aina hiyo. Riziki yake huenda ikawa ni kubeba mizigo Gikomba au kusukuma mkokoteni, kazi ambazo zote zahitaji magoti mazima. Goti lake likiharibika, anapoteza mchezo na pato kwa pamoja. Kwa hivyo mjadala huu hauwahusu madaktari peke yao.

Muundo wa Goti

Goti ni kiungo kinachokutanisha mifupa mitatu. Juu kuna fupapaja, ambalo ncha yake ya chini imegawanyika kuwa vifundo viwili vya mviringo. Chini kuna muundi, yaani mfupa mkubwa wa ugoko, ambao uso wake wa juu ni mpana na karibu bapa. Mbele kuna kilegesambwa, kifupa kidogo kinachoteleza juu ya fupapaja kila mtu akunjapo au anyooshapo mguu. Katikati ya fupapaja na muundi kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo ambazo hupunguza mshindo wa uzito.

Mifupa hii haikushikamana kama bawaba ya mlango. Inayoizuia isiachane ni misuli pamoja na kano nne kuu. Mbili ziko ubavuni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Mbili nyingine zimo ndani kabisa ya kiungo na hupishana, ndiyo maana huitwa kano za msalaba. Ile ya mbele huuzuia muundi usiteleze kwenda mbele ya fupapaja na usijizungushe kupita kiasi. Urefu wake ni takriban milimita 32, na kwa kijana mwenye afya huweza kuhimili mvuto wa zaidi ya nyutoni 2,000, ambao ni sawa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Hata hivyo, katika tukio la ghafla kiwango hicho hupitwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba majeraha mengi ya kano hii hayasababishwi na kugongwa. Takriban saba katika kila kumi hutokea bila mchezaji kuguswa magotini: anakimbia, anasimama ghafla ili abadili mwelekeo, au anatua baada ya kuruka, goti linakuwa limenyooka karibu kabisa, linaingia ndani kuelekea goti jenzake, na muundi unajizungusha. Mara nyingi husikika mlio mfupi, na baada ya saa chache goti huvimba.

Sifa Mbili za Mfupa

Katika umbile la mifupa, sifa mbili zimechunguzwa sana kuhusiana na jeraha hili. Ya kwanza ni upana wa mfereji ulio baina ya vifundo viwili vya fupapaja, ambamo kano ya msalaba ya mbele hupita. Mwaka 1993, Souryal na Freeman wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanariadha 902 wa shule za upili. Walibaini kwamba waliokatika kano bila kugongwa walikuwa na mfereji mwembamba kuliko wenzao. Mfereji mwembamba huweza kuibana kano, na aghalabu pia huwa na kano nyembamba.

Sifa ya pili ni mwinamo wa uso wa juu wa muundi. Uso huo haukulala sawasawa, bali umeinama kidogo kuelekea nyuma mithili ya paa la mabati lililoinamishwa ili maji ya mvua yatiririke. Kwa watu wengi mwinamo huo ni kati ya digrii 4 na 10. Uzito wa mwili unapoukandamiza uso ulioinama sana, fupapaja huteleza nyuma na muundi husukumwa mbele, na mzigo wote ukaiangukia kano. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 15 baada ya kutengenezewa kano mpya, ulionyesha kuwa miongoni mwa wenye mwinamo wa digrii 12 au zaidi, 59 katika kila 100 walipata jeraha jingine la kano.

Je, Mifupa ya Pande Mbili Inalingana?

Ili kulijibu swali hili ni vyema kwanza kuutazama mwili mzima. Mwaka 2006, Auerbach na Ruff walichapisha matokeo ya kupima mifupa ya mikono na miguu ya watu wazima 780 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mifupa ya mikono ilitofautiana waziwazi, na ile ya kulia kwa jumla ilikuwa mikubwa zaidi. Mifupa ya miguu ilikaribiana mno, na pale ilipotofautiana, upande wa kushoto ndio uliokuwa na ziada kidogo. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mkono mmoja unaweza kulima, kutwanga na kurusha huku mwenzake umepumzika. Mguu hauna nafasi hiyo, kwa kuwa kila hatua humlazimu mtu kuuhamishia uzito wake wote kwa zamu. Nayo ziada ndogo ya kushoto inaoana na desturi ya watu wengi kuegemea mguu wa kushoto wakati mkono wa kulia unapofanya kazi.

Hivyo basi, magoti mawili ya mtu mmoja hufanana kuliko goti la mtu huyo na la jirani yake. Mwenye mfereji mwembamba kulia kwa kawaida huwa nao kushoto. Ushahidi mmoja wa hili ulitolewa mwaka 1988, pale Souryal na wenzake walipobaini kuwa wagonjwa waliokatika kano za magoti yote mawili walikuwa na mifereji myembamba zaidi kuliko waliokatika goti moja. Hata hivyo, kufanana si kulingana. Tofauti ya digrii moja au mbili za mwinamo, au ya milimita moja ya upana, huweza kuwapo baina ya pande mbili za mtu mwenye afya kamili. Tofauti ndogo kama hiyo haitoshi peke yake kumtabiria mchezaji jeraha, wala haielezi ni kwa nini upande mmoja huumia zaidi katika kundi fulani la wachezaji. Maelezo hayo yapo katika kazi ya miguu.

Mguu wa Kupigia na Mguu wa Kusimamia

Hapa lugha ya Kiswahili inatoa funzo la kuvutia. Maneno yetu ya pande mbili yametokana na mkono. Kulia ni mkono wa kulia chakula, na kuume ni upande wa kiume. Wenye lugha katika Pwani huuita ule wa pili mkono wa kike. Mguu umeazima majina hayo ingawa hakuna alaye kwa mguu. Matokeo yake ni kwamba tunaposema mguu wa kulia ni mguu wa nguvu, tunaupa mguu sifa ya mkono. Kandanda huudhihirisha upungufu wa fikra hiyo. Mchezaji apigapo mpira kwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaoubeba mwili wote, unaodhibiti mizani na kustahimili mzunguko. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kuzungumzia mguu wa kupigia na mguu wa kusimamia, maana kila mmoja una ubingwa wake na hatari yake.

Mwaka 2010, Brophy na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wachezaji wa kandanda waliokatika kano ya msalaba ya mbele. Miongoni mwa wanaume walioumia bila kugongwa, 20 kati ya 27, yaani asilimia 74, waliumia mguu wa kupigia. Miongoni mwa wanawake, ni 10 tu kati ya 31, yaani asilimia 32, walioumia mguu huo. Waliosalia waliumia mguu wa kusimamia. Idadi ya waliochunguzwa si kubwa, lakini mwelekeo wake ni wa kuzingatiwa. Iwapo mifupa ndiyo ingekuwa mwamuzi wa upande, ingekuwa vigumu kueleza kwa nini jinsia mbili zinazocheza mchezo mmoja ziumie pande tofauti. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba wanaume na wanawake hutua, hugeuka na kuitumia misuli ya mapaja kwa namna zisizofanana.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasichana. Katika kandanda, hatari yao ya kukatika kano hii ni takriban mara mbili hadi tatu ya ile ya wavulana. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, Harambee Starlets, ilishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 nchini Kameruni, na tangu hapo wasichana wengi wa mitaani wameuona mchezo huu kuwa njia ya maisha. Msichana wa Majengo anayepiga mpira kwa mguu wa kulia anafaa kufahamu kwamba goti lake la kushoto, lile ambalo hakuna mtazamaji anayelitazama, ndilo linalostahili uangalizi zaidi.

Neno Moja, Majeraha Mengi

Katika mazungumzo ya kila siku, mchezaji aliyeumia goti husema ameteguka. Neno hili hujumuisha mambo mengi: mfupa kutoka mahali pake, kano kunyooka kupita kiasi, kano kuchanika kidogo, na kano kukatika kabisa. Kwa kawaida aliyeteguka hukandwa, kwa mafuta au maji ya moto, na kiungo kuvutwa kirudi. Ukandaji una faida zake kwa misuli iliyochoka. Lakini kano iliyokatika haina mahali pa kurudishiwa kwa kuvutwa, na kulivuta goti lililovimba huweza kuzidhuru gegedu ambazo hazikuwa zimeumia. Uvimbe ukiisha baada ya wiki mbili tatu, mchezaji hudhani amepona. Hurejea uwanjani, goti likamlegea wakati wa kugeuka, na kila linapolegea gegedu huzidi kusagika.

Ndiposa suala la istilahi lisichukuliwe kuwa anasa ya wanaisimu. Jamii inapotofautisha kuteguka, kuchanika na kukatika, mgonjwa hupata fursa ya kuuliza swali lifaalo mapema. Dalili tatu zinatosha kumtuma mchezaji kwa mtaalamu badala ya mkandaji: mlio uliosikika wakati wa kuumia, uvimbe uliojitokeza ndani ya saa chache, na goti kulegea mtu anapogeuka.

Goti Zima Kama Kipimo

Daktari anayelichunguza goti lililoumia huanza na lile zima. Huukunja mguu kidogo, akalishika paja kwa mkono mmoja na ugoko kwa mwingine, kisha akauvuta muundi mbele taratibu. Hiki ndicho kipimo kiitwacho cha Lachman, na hakihitaji mashine yoyote. Kwa kuwa watu hutofautiana kwa ulegevu wa viungo, goti zima la mgonjwa ndilo mizani ya lile bovu. Kufanana kwa magoti mawili kulikoelezwa hapo awali ndiko kunakofanya kipimo hiki kiaminike.

Hata hivyo, mizani hii ina mipaka. Mchezaji anapopona, desturi ni kupima nguvu za mguu ulioumia na kuzilinganisha na za mguu mzima. Akifikia asilimia 90 huhesabiwa kuwa tayari. Wellsandt na wenzake walidhihirisha mwaka 2017 kwamba hesabu hii inaweza kudanganya, kwa kuwa mguu mzima nao hudhoofika katika miezi ya mapumziko. Miguu miwili dhaifu huweza kulingana vizuri sana. Isitoshe, uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya upasuaji, takriban asilimia 7 ya wagonjwa huumia tena goti lilelile, na asilimia 8 huumia goti la pili. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, jumla hufikia asilimia 23. Goti linaloitwa zima, kwa hiyo, halina budi kutibiwa kama mshirika wa lile lililoumia.

Kinga na Tiba Zinazomudika

Upasuaji wa kutengeneza kano mpya ni ghali kwa familia nyingi za Majengo. Faraja ni kwamba si kila mgonjwa anauhitaji. Nchini Sweden, utafiti wa mwaka 2010 uliwagawa watu 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35 katika makundi mawili: waliopasuliwa mapema na walioanza na mazoezi, wakapasuliwa baadaye ikilazimu. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, na hata baada ya miaka mitano takriban nusu ya kundi la pili walikuwa hawajapasuliwa. Mazoezi yenyewe, chini ya uelekezi wa mtaalamu, ni tiba kamili. Naye aliyepasuliwa asiharakishe kurudi uwanjani. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi wa subira hadi mwezi wa 9 ulipunguza kiwango cha kuumia upya kwa karibu nusu.

Bora zaidi ni kinga, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2006 shirikisho la kandanda duniani, FIFA, kwa kushirikiana na wataalamu wa Oslo na wengineo, lilibuni mpango wa kupasha misuli moto uitwao 11+. Una mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi, na hauhitaji kifaa chochote isipokuwa mpira. Humfunza mchezaji kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua huku goti likielekea sambamba na vidole vya mguu, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo huisaidia kano kuuzuia muundi. Nchini Norway, mpango huu ulijaribiwa kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha majeraha kupungua kwa takriban theluthi moja. Barani Afrika, jaribio la Lagos lililochapishwa mwaka 2014 liliwahusisha wavulana 416 wa miaka 14 hadi 19, na majeraha yalipungua kwa asilimia 41.

Kwa mintarafu ya mada hii, la muhimu ni kwamba kila zoezi hufanywa kwa miguu yote miwili. Kocha wa mtaani anaweza kuongeza hatua tatu rahisi. Kwanza, amwombe kila mchezaji asimame kwa mguu mmoja kisha mwingine na kuchuchumaa kidogo, ili aone ni goti lipi linaloingia ndani. Pili, awahimize wapige mpira kwa miguu yote miwili, ili kila mguu ujifunze kupiga na kusimamia. Tatu, anayeyumba zaidi upande mmoja apewe mazoezi ya ziada ya upande huo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mifupa ya goti la kulia na la kushoto la mtu mmoja hukaribiana sana, ingawa haiwi nakala moja. Upana wa mfereji wa fupapaja na mwinamo wa muundi humweka mtu katika hatari kubwa au ndogo kwa magoti yake yote mawili. Upande utakaoumia, aghalabu, huamuliwa na mgawanyo wa kazi baina ya mguu wa kupigia na mguu wa kusimamia. Kwa wanafunzi wa Kiswahili pana wajibu hapa wa kuyaeneza maneno kano, muundi, gegedu na kilegesambwa yatoke kamusini na kufika viwanjani, pamoja na kuifanya tofauti ya kuteguka na kukatika ieleweke kwa kocha, mzazi na mkandaji. Kijana wa Majengo anayelijua jina la kilichoumia ndani ya goti lake atajua pia ni nani wa kumwendea, na hatarudi uwanjani kabla ya wakati.